Tufani wa Kijani

Tufani alitoka mtamboni akiwa wa kijani.

Kwa miaka kumi na tisa shujaa huyo wa katuni alikuwa akiruka juu ya mapaa amevaa nyekundu, kuanzia shingoni hadi kwenye buti. Leo nakala elfu nane zilikuwa zimefungwa kamba, tayari kwenda madukani, na yeye amejaa jalada zima, kijani kama mchicha.

Mhariri, mama mfupi mwenye sauti ya watu watatu, alishika nakala moja kwa ncha za vidole. "Fundi," alimwita mtia rangi wake, "hii ni nini?"

Fundi akalitazama jalada. Aliona Tufani yuleyule wa siku zote. "Kuna kasoro, Mama?"

"Kasoro? Huyu mtu ni wa kijani!"

Fundi akaligeuza jalada huku na huku. Tangu azaliwe hakuwahi kuitofautisha nyekundu na kijani, na si hizo tu. Alifanya kazi nyumbani, kwa kusoma vibandiko vya vichupa vyake vya rangi, na mhariri alimwamini kiasi cha kupeleka bahasha ya michoro yake mtamboni bila kuifungua. Aliyeijua siri hiyo ni mkewe peke yake. Ikivuja, nani duniani atamwajiri mtia rangi asiyeona rangi?

"Nimembadilisha," akasema. Mdomo ulitangulia, akili ikaja nyuma inahema. "Watu wamemzoea mno."

"Bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungekataa."

Mhariri akafikiri. "Kweli, ningekataa. Sasa sikiliza. Zikidoda, Fundi, utafute kazi nyingine."

Fundi akafika nyumbani mbio. Mkewe, muuza vitambaa, alikuwa akikunja doti za dukani kwake, mdomo umejaa pini.

"Nani kagusa vichupa vyangu?"

Mke akatoa pini moja moja, bila haraka. "Mama alipita wiki iliyopita, wewe umepeleka bahasha ofisini. Aliviosha. Vibandiko vikabanduka, akavirudisha alivyoweza. Si unayajua macho yake?"

"Mama mkwe kanimaliza!"

"Tulia, bwana. Kijani kinapendeza. Dukani kwangu nyekundu mwaka huu haiguswi hata kwa fimbo."

Hakutulia. Siku mbili alizunguka madukani akijifanya mteja, akiinamia rafu za magazeti. Duka la kwanza: zimeisha. La pili: zimeisha. La tatu, muuzaji alimkoromea, "Na wewe unamtaka yule wa kijani? Mmenichosha, njoo kesho!" Fundi alimkumbatia mtu wa watu juu ya meza yake ya biashara, na mizani ikaanguka.

Barua zikamiminika. Mvulana mmoja aliandika kwamba sasa Tufani anafanana na mtu anayeweza kushinda. Mhariri akachapisha nakala nyingine elfu nane, akamshika Fundi mabega yote mawili. "Toleo lijalo, nishtue tena!"

Fundi akarudi kwa mkewe na amri moja: "Hivyo vibandiko mtu asiviguse! Viache vilivyo."

"Haya," akasema mke, akiendelea kupima kitambaa.

Toleo la pili, mhariri alifungua bahasha mbele yake, akapiga ukelele uliowatoa wachapaji chumbani mwao. "Waridi! Adui wa Tufani ni wa rangi ya waridi!" Jibaba lile, lililobaki la kijivu hata Tufani alipogeuka kijani, lenye meno kama msumeno, lilikuwa sasa la rangi ya nguo za kichanga, na lilitisha mara tatu zaidi. Fundi akaitikia kwa kichwa, kwa busara. "Nilifikiri sana, Mama," akasema. Watoto waliliogopa wakalipenda, na toleo likaisha kabla ya saa sita mchana.

Kwa nini kichupa cha kijivu hakikuleta waridi tangu toleo la kwanza, Fundi hakujiuliza. Furaha ilikuwa imemjaa hadi shingoni, hapakuwa na nafasi ya maswali.

Toleo la tatu, joho la Tufani, lililokuwa la buluu tangu enzi na enzi, likawa zambarau. Mabinti wakalishona, wakalivaa barabarani. Fundi akapandishwa cheo, akapewa kiti kinachozunguka, akazunguka nacho asubuhi nzima huku akicheka peke yake.

Siku ya mapumziko akamkodia mama mkwe teksi, aje kwa karamu ya heshima yake. Bibi aliposhuka na fimbo yake, Fundi alikuwa tayari amepiga magoti mlangoni, na shali mpya mikononi.

"Shikamoo, Mama. Umeniokoa. Maisha yangu yote ni kwa mkono wako!"

"Marahaba, mwanangu. Inuka, utachafuka. Nimefanya nini tena?"

"Vichupa, Mama! Vile ulivyoniosha!"

"Vichupa gani?" Bibi akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Goti hili, mwaka wa pili huu, sijakanyaga nyumba yenu."

Fundi akainuka taratibu. Akapita ukumbini, akasukuma mlango wa chumba chake cha kazi.

Mkewe alikuwa amekaa mezani pake, akiinua kibandiko cha "kahawia" kwa ncha ya pini. Pembeni, kitabu chake cha vipimo vya vitambaa kilikuwa wazi, kimeandikwa kwa mwandiko safi: Toleo la kwanza, kijani. La pili, waridi. La tatu, zambarau. Orodha ilishuka hadi chini ya ukurasa, matoleo kumi na mawili.

"Usiguse kitu," akasema bila kuinua kichwa. "Gundi haijakauka."