Mabehewa ya Rijeka

Zdenka alipofungua pazia la dirisha la treni asubuhi, bahari ilikuwa imeshatokea. Akageuka amwamshe mumewe waitazame pamoja.

Kitanda cha juu kilikuwa kitupu. Blanketi lilikuwa limekunjwa pembe kwa pembe, na mume yule hakuwahi kukunja blanketi tangu waoane. Sanduku lake halikuwepo.

Akatoka, akashikilia ukuta wa mbao uliokuwa ukitikisika.

"Kaka, mume wangu umemwona?"

Mhudumu wa behewa akaweka chini birika la kahawa. "Mama, treni si iligawanywa usiku? Mabehewa ya mbele yameenda Rijeka. Sisi tunakwenda Split."

"Basi amekosea behewa."

"Hakukosea, mama. Jana jioni aliniuliza ya Rijeka ni yapi. Akasema umechoka sana, nikuache ulale."