Moja Mara Tatu

"Dawa hii ni moja mara tatu, baada ya kula," Daktari Lwitiko alimfokea mgonjwa wake, fundi viatu mwenye vidonda vya tumbo. "Wewe huli. Sasa utaimeza baada ya nini?"

Fundi akainamisha kichwa. Daktari akashika kalamu aandike, ikamponyoka ikaanguka. Ilikuwa saa tisa alasiri, na tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni ila chai ya rangi iliyopoa.

Nesi Mbuke, aliyekuwa naye chumbani, aliiona ile kalamu ikianguka. Alimfunga daktari kipimo cha presha, akasoma, akasonya. Kisha akachukua cheti kipya cha dawa, akaandika jina la daktari kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka.

"Unafanya nini? Nje kuna watu arobaini."

"Arobaini na mmoja. Mwezi wa tatu huu nakubembeleza ule, unaniambia kesho. Nimechoka. Chakula, moja mara tatu. Usingizi, moja mara moja. Toka ukapange foleni."

"Mbuke, usinichezee."

"Toka, Daktari."

Alitoka amefura, cheti mkononi, akakaa mwisho wa benchi. Fundi viatu akamfuata, akakaa kando yake, akafungua mfuko wa mihogo ya kuchoma aliyoibeba tangu asubuhi bila kuigusa. Akauweka katikati yao.

"Baada ya kula," alisema fundi, naye sasa amekasirika. "Si ndivyo ulivyosema?"

Mihogo ilikuwa imeshapoa. Wote wawili wakaikodolea macho, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze.