Maagizo ya Seyilkan

Jumanne asubuhi, alipomaliza bakuli la nne la chai, Seyilkan alijifuta midomo na kumwarifu mkaza mwana wake kwamba Alhamisi atakufa.

"Alhamisi hii?" Burulcha aliuliza.

"Hii hii. Marehemu baba yenu amenijia ndotoni, anasema farasi wameshatandikwa. Lete daftari."

Mtu anayekufa keshokutwa kwa kawaida huonyesha dalili, walau kikohozi. Seyilkan hakuwa na hata mafua. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, meno yote ya mbele, na sauti iliyowahi kumrudisha fahali zizini kutoka ng'ambo ya mto Naryn. Lakini kijijini kwetu mzee akitaja siku yake habishiwi. Burulcha alileta daftari.

"Andika. Hema la sufu lisimamishwe kesho, kando ya nyumba. Achinjwe yule farasi jike wa kijivu. Maandazi yakaangwe ya unga magunia mawili, na yasiungue kama yale ya harusi yako."

"Ya harusi yangu ulikaanga wewe, mama."

"Ndiyo maana najua yaliungua. Andika."

Burulcha aliandika, lakini mawazo yake yalikuwa Siberia. Mumewe, Meder, alikuwa na mwaka wa pili huko, akiwajengea watu maghorofa. Baba yake alipofariki, theluji ilizuia ndege na Meder hakuyawahi mazishi. Watu hawajaacha kumsema. Mwana wa kiume ndiye anayesimama mbele ya hema, ameegemea fimbo, akilia mpaka wageni wa mbali wamsikie. Akiyakosa na mazishi ya mama yake, hatakuwa na uso wa kurudi kijijini, na mkewe hatakuwa na uso wa kubaki.

"Nimpigie Meder?"

"Usimpigie. Simu yako ninayo mimi." Seyilkan alipapasa mfuko wa koti. "Nimeshazungumza na watu wa huko. Anafika Alhamisi asubuhi."

Burulcha alishusha pumzi. "Bosi wake kakubali?"

"Kakubali. Na nauli katoa yeye."

"Yule bahili aliyemkata mshahara kwa koleo lililovunjika?"

"Watu hubadilika. Fungua ukurasa mwingine."

Mchana walikata sanda. Seyilkan alivuta kitambaa cheupe sakafuni, akapima kwa mkono wake, akaongeza, akatazama, akaongeza tena.

"Mama, unamfunika nani, nguzo ya umeme?"

"Wafu hunyooka."

"Kwa dhiraa nzima?"

"Umewahi kufa wewe? Kata."

Burulcha alikata. Alipouliza nani wataosha maiti, ili awaandike, aliambiwa hao wameshapangwa, asijisumbue.

Kisha likaja suala la maombolezo. Mwanamke wa nyumba hukaa ndani ya hema, ameupa mlango mgongo, akimwimbia marehemu kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe. Anayekosa maneno hutajwa miaka ishirini. Burulcha alikohoa, akaanza kuimba juu ya mama mwenye nywele nyeupe na mikono iliyonukia maziwa.

"Toa hizo nywele nyeupe," alisema Seyilkan. "Mwimbie mtu mwenye nguvu. Taja mabega."

"Mabega yako?"

"Nilikuwa nayo. Imba."

Burulcha aliimba juu ya mabega, huku akijikaza asicheke. Seyilkan aligeukia dirisha, akakaa hivyo kwa muda mrefu, akidai anaangalia kama kondoo wamerudi. Ilikuwa saa nane mchana. Kondoo hurudi saa kumi na mbili.

"Andika la mwisho," alisema bila kugeuka. "Nyumba hii ni ya Burulcha. Yeyote atakayekuja kusema vinginevyo, ndugu au shemeji, atolewe nje kwa fimbo."

"Nyumba ni ya Meder, mama."

"Andika nilivyosema."

Jumatano wanaume wa jirani walisimamisha hema. Burulcha aliona haya hata kuwapelekea chai. Kumjengea hema la msiba mtu ambaye yuko pale pale, ana andazi shavuni na anawaambia kamba imelegea, ni jambo la kuwapa watu kicheko cha mwaka mzima. Hakuna aliyecheka. Mzee Orozobek, ambaye hukabidhiwa mambo mazito yote ya kijiji, alikaa na Burulcha na kumweleza habari za nyasi za mwaka huu: urefu wake, rangi yake, mvua iliyozilowesha. Ndivyo kwetu mtu anavyolizunguka jambo linalomshinda kusema. Baada ya saa nzima alisimama, akavaa kofia, akaenda zake bila kulisema.

Alhamisi Burulcha aliamka alfajiri. Alivaa gauni la samawati alilopenda Meder, akachana nywele mara mbili, akaenda kumwangalia mama mkwe. Alimkuta ameketi kitandani, amevaa viatu tayari, mzima kama jana.

"Hujafa," alisema Burulcha, na furaha ikamtoka kabla hajaizuia. "Meder atakukuta."

"Nishike mkono, mwanangu. Gari linakuja."

Walitoka pamoja. Lilikuwa lori, na nyuma yake walisimama binamu za Meder. Waliruka chini kabla halijasimama, wakaja kuelekea hema wameinama, kila mmoja na fimbo yake, wakipaza kilio kama wanaume wa bonde letu wanavyoukaribia msiba, kila mtu akitaja marehemu alikuwa nani kwake.

Burulcha alimtazama mama mkwe, aliyekuwa amesimama wima kando yake, amemzungushia mikono yote miwili kiunoni, amemkaza.

"Kaka yangu," walilia wanaume. "Ewe kaka yangu."