Kadi ya Fungu la Kumi

"Mzee, hii nayo ni ya nini?" karani wa wakili aliuliza, akaichomoa kadi katikati ya risiti zangu za stima na kodi ya nyumba.

Ilikuwa kadi yangu ya fungu la kumi. Niliileta mwenyewe. Binti huyo alikuwa ameniagiza nilete ushahidi wa matumizi yote ya nyumbani, ili mahakama ijue ituachie kiasi gani nikitangazwa muflisi. Nikadhani kadi itanipa heshima.

"Elfu nane kila mwezi," alisoma. "Na mshahara ni elfu ishirini na mbili?"

Elfu nane lilikuwa fungu la enzi za duka langu la Eastleigh. Duka lilifungwa miaka miwili iliyopita. Lakini kanisani kwetu Kaloleni majina husomwa kila mwisho wa mwezi, pamoja na kiasi. Mzee wa kanisa ashuke hadi elfu mbili, watu wakisikia? Nilikuwa nikikopa.

Kavutha, mke wangu, aliichukua kadi. Akapitisha kidole juu ya mihuri, mmoja mmoja, yote ishirini na minne, polepole kama anayepapasa kovu. Nilitamani anipigie kelele.

"Mwanangu," alimwambia karani bila kunitazama, "pale kwa maziwa, baba watoto aliandika ngapi?"

"Elfu tatu, mama."

"Futa. Andika mia tisa. Hayo ni ya kikombe chake. Mimi na watoto hunywa chai ya strungi."