Tarehe ya Marehemu

"Mtandao ni mzima," alisema fundi Salha. "Kurasa nyingine zinafunguka. Wa chuo ndio unaokataa."

Akagusa kona ya kioo cha kompyuta. Tarehe ilikuwa ya mwaka juzi.

"Tovuti kama hii haikubali tarehe ya uongo. Nani kairudisha nyuma?"

"Marehemu," alijibu Bi Mwanaidi, mwenye duka. Mumewe alikuwa akichapa kadi za harusi kwa programu ya majaribio ya bure, na kila muda wake ulipokaribia kuisha aliirudisha nyuma tarehe ya kompyuta isijifunge.

"Nikiweka ya leo, chuo kitafunguka. Lakini programu itajifunga moja kwa moja, na kadi zake zote humo ndani."

Hidaya, binti yao, alitazama saa ya ukutani. Maombi ya chuo yalikuwa yanafungwa saa kumi.

"Chapa kwanza ile kadi yake ya mwisho," mama alisema.

Printa ikatoa kadi aliyoiacha marehemu, yenye maua pembeni na jina la Hidaya katikati. Mahali pa bwana harusi palikuwa wazi.

"Sasa weka ya leo, fundi," Hidaya akasema.

Ukurasa wa chuo ulifunguka. Hidaya alipomaliza kujaza maombi na kupewa nambari yake, akaigeuza ile kadi upande mweupe. Mama yake akamsogezea kalamu.