Ng'ombe wa Baba

"Mshike vizuri, Baba mdogo, asije akanipiga teke."

Baba mdogo akazikamata barabara pembe za yule jike mwekundu, meno yote nje. Binti wa marehemu kaka yake, afisa mifugo wa kata nzima, amekuja mwenyewe kumkagulia ng'ombe! Afisa akachoma sindano shingoni, damu ikapanda taratibu kwenye bomba, naye akatabasamu. Kila mmoja alikuwa na furaha yake.

Bibi wa jike huyu alikuwa ng'ombe wa baba. Udongo wa kaburi la baba ulikuwa haujakauka Baba mdogo alipofungua zizi na kuwaswaga wote. "Mjane hafugi," alisema. Mama alimng'ang'ania mkia yule ng'ombe wake mwekundu, akaburuzwa mpaka barabarani, akaacha pale ngozi ya magoti. Binti alikuwa amesimama getini na sare ya shule. Hakulia. Alimeza tu.

Donge hilo alikwenda nalo chuo cha mifugo. Siku ya kwanza mkufunzi aliwauliza wanataka kuja kufanya kazi gani. Mmoja alitaka kiwanda cha maziwa, mwingine kutengeneza chakula cha kuku, mwingine duka la dawa za mifugo. Kijana mmoja, ambaye baadaye walimwita Darubini kwa sababu kumtoa maabara ilikuwa kazi, alisema yeye angependa kupima damu mpaka azeeke.

"Na wewe, dada?"

"Afisa mifugo wa kata yetu."

Darasa likaangua kicheko. Kata! Pikipiki na matope!

"Mbona unajipunja hivyo?" mkufunzi akauliza.

"Kuna ng'ombe nataka kuwakagua."

Alisoma kama mtu anayenoa panga. Lishe, uzazi, magonjwa, na zaidi ya yote sheria, hasa pale inapompa afisa mamlaka ya kumwondoa mnyama mgonjwa, mwenyewe apende asipende.

Na leo alikuwa zizini. Mama mdogo akapita uani, kajifunika blanketi jua likiwaka.

"Malaria imemganda," Baba mdogo akasema. "Dawa zote kashakunywa, wapi!"

"Pole, Mama mdogo," afisa akasema bila kugeuka. Macho yake yalikuwa kwa ng'ombe. Wamenona, ngozi zinang'aa. Hata banda la ndama, lililojaa kuni mpaka juu bila ndama hata mmoja, halikumsimamisha. Akatoa damu ya wa mwisho, akaaga kwa adabu zote.

Ofisini alikisukuma kikasha cha damu ndani ya friji, asikiguse tena. Apime ili iweje? Jibu alikuwa nalo tangu enzi za sare ya shule.

Kesho yake alirudi na koti jeupe na lori.

"Ugonjwa wa kutupa mimba," akatamka. "Wote wanao. Wanakwenda kuchinjwa chini ya usimamizi wa serikali."

"Wote? Mwanangu, mbona wana afya?"

"Huo ugonjwa hauonekani kwa macho. Unapita kwenye maziwa mabichi mpaka kwa watu. Homa zisizoisha, viungo kuuma, wajawazito kuharibu mimba." Aliyataja kama alivyoyataja kwenye mtihani, pasipo kukwama.

Baba mdogo akapiga magoti kwenye samadi. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, akalishika pindo la koti jeupe. "Hawa ndio mikono yangu, hawa ndio miguu yangu. Nihurumie, mwanangu."

Afisa alikuwa amelingoja neno hilo miaka na miaka, na sasa lilikuwa tamu kuliko alivyolidhania.

"Mwenye ng'ombe wagonjwa hafugi," akasema, akachomoa pindo lake.

Dereva alikuwa mtu wake. Walipofika njia panda ya machinjio, lori likakata kushoto, likaenda kusimama nyuma ya nyumba ya mama.

Mama akatoka akijifuta mikono kwenye kanga. Akawaangalia wakishuka mmoja mmoja, haamini. Yule mwekundu alipokanyaga chini, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Huyu ni damu ya yule wangu! Tazama hilo paji la uso!"

Akacheka. Tangu msiba ule, binti hakuwahi kumsikia akicheka namna hiyo. Kisha akachuchumaa, akakamua kama vile aliacha jana. Akamkingia kikombe cha kwanza binti yake mdogo, aliyekuja kujifungulia kwa mama, tumbo limemtangulia.

"Kunywa, mwanangu. Maziwa ya baba yako haya."

"Niongeze, mama. Tuko wawili hapa!"

Kwingine kokote afisa angewaambia wachemshe kwanza. Leo hakutaka kumharibia mama utamu wake. Akaegemea uzio, donge la kooni likiyeyuka, machozi yakimtoka kwa raha.

Simu ikaita. Darubini, ambaye siku hizi alikuwa bwana maabara ofisini kwao.

"Wewe dada, kumbe una macho ya kichawi! Nasikia umeshawaondoa wale ng'ombe."

"Nimewaondoa."

"Basi leo nimekuta damu zao kwenye friji, hazijaguswa, nikasema ngoja nikupunguzie kazi. Nimerudia kupima mara mbili, sikuamini. Wote wanao ule ugonjwa, hakuna hata mmoja aliyesalimika. Uliwajuaje?"

Afisa akageuka, simu bado sikioni. Pale kando ya ng'ombe mdogo wake alikuwa amejipangusa povu mdomoni, anamnyooshea mama kikombe aongezwe tena.