Benchi Lililonyamaza

Eladio Peguero alipotoka kwenye ujia wa chini ya jukwaa, rozari mkononi na taulo bichi kichwani, alikuta benchi zima la timu yake ya besiboli limenyamaza. Hakuna aliyemtazama usoni. Mmoja alichukua glovu yake akahamia upande wa pili. Kocha Arvelo alikuwa akikagua viatu vyake mwenyewe.

Eladio akafurahi. Wameanza, akawaza. Wameamini.

Mrushaji kama yeye akimaliza ngwe zote tisa za mechi bila mpinzani hata mmoja kumpiga pigo safi la kumfikisha kituoni, mji wa Baní utamtaja hadi kaburini. Na jambo hilo likianza tu kunukia, hakuna anayemsemesha. Hutengwa kama mwali. Neno moja, na bahati imekwenda.

Wapiga Panga wa Baní, timu yao, walikuwa wameshinda mechi kumi na moja kati ya arobaini na tisa. Hii ilikuwa ya hamsini, ya kufunga msimu, na kwa Eladio ya kufunga kazi. Alikuwa na miaka arobaini na bega lililoshonwa mara mbili. Hakumwomba Bikira wa Altagracia ubingwa. Alijua hata mbinguni wana kazi nyingine. Kwa miaka kumi na tisa aliomba mechi moja tu ya namna hii, na leo, ngwe ya tano ilipokwisha, ilikuwa bado mkononi mwake.

Nusura imponyoke. Katika ngwe hiyo ya tano mpira ulibingirika hadi kwa Wilkin Sanabia, mdakaji wa katikati, ukamtoka glovuni, na mpigaji akafika kituo cha kwanza. Eladio alishika kifua. Kisha spika ikatangaza uamuzi wa karani wa mchezo: kosa la mdakaji, si pigo safi.

“Wilkin, glovu hiyo katolee mkate tanuruni!” alipayuka Doña Tatica kutoka safu ya mbele. Msimu mzima mama huyo hakuwa amekosa mechi wala tusi. “Na wewe Eladio, mkono wako ulishabaki wa kumenyea ndizi, leo umeota nini?”

Ngwe ilipokwisha na zamu ya kupiga ikawa yao, Eladio alikwenda kusali ujiani, gizani, kama kawaida yake. Huko alisikia spika ikikoroma tena na uwanja mzima ukaguna. Akadhani wenzake wamekosa bao jingine. Mguno huo alishauzoea. Akaongeza Salamu Maria tatu.

Sasa alikaa peke yake mwisho wa benchi. Wilkin akaja, akasimama mbele yake, kofia mkononi.

“Kaka, ule mpira wa ngwe ya tano…”

“Ziba bakuli lako! Unataka kuniroga?”

“Ulikuwa wa kudakwa, kaka. Nilitaka tu kukwambia…”

“Wilkin!” Kocha Arvelo alinguruma. “Mwache mzee wa watu.”

Wilkin akaenda zake. Macho yalikuwa yamemwiva. Kijana ana moyo mzuri, Eladio akawaza. Glovu tu ndiyo haina Mungu.

Ngwe ya sita ikapita. Ya saba ikapita. Bega lilimuuma kama jino, lakini mipira ilikwenda alikoituma. Ubao wa matokeo hakuutazama. Tangu ujana hakuwahi kuutazama akiwa kazini. Mama yake alimfundisha kwamba anayezihesabu baraka zake mapema humwamsha shetani.

Kabla ya ngwe ya nane Chago, mzee anayepanda ngazi kutundika namba kwenye ubao, alipita mbele ya benchi akiwa kifua wazi, mbavu zote nje. Siku nyingine wangemuuliza kama mkewe amemtimua. Leo mmoja alimshika mkono tu.

“Mungu akulipe, Chago.”

“Kachezeni,” mzee akajibu, akapita.

Joto, Eladio akawaza.

Aliporudi uwanjani aligundua kwamba hata Doña Tatica amenyamaza. Mama huyo alimtazama, akachora msalaba hewani kumwelekea. Eladio akakaribia kulia.

Ngwe ya tisa. Wapigaji wawili wakatoka, bado mmoja. Wa tatu akaupiga mpira ukapaa juu sana, ukashuka taratibu, ukalala kwenye glovu ya Wilkin. Safari hii haukutoka.

Eladio akapiga magoti, mikono juu.

Watu elfu nne walikuwa wakitazamana.

“Mnangoja nini, mbwa nyie?” Doña Tatica akalipuka. “Shangilieni!”

Uwanja ukapasuka. Ngoma zikaanza, matarumbeta yakafuata. Wenzake wakamrundikia mmoja juu ya mwingine. Hata wageni walitoka kwenye benchi lao, wakavua kofia, wakapiga makofi.

“Nimeweza, Wilkin!”

“Umeweza, kaka.” Wilkin alikuwa analia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. “Nani aseme hujaweza?”

Ndipo Eladio akainua uso kumshukuru Mungu, na macho, yakiwa njiani kwenda mbinguni, yakapita kwenye ubao. Mabao ya Baní, mawili. Mabao ya wageni, sufuri. Kwenye nafasi ya mapigo safi ya wageni hapakuwa na namba. Palikuwa na shati la Chago, limefungwa hapo kwa mikono ya shati lenyewe. Upepo ukaliingia, ukalijaza, ukaliinua. Nyuma yake ilining'inia namba moja. Akaikumbuka spika iliyokoroma akiwa ujiani: karani alikuwa amebadili uamuzi.

Upepo ukatulia, shati likashuka. Eladio akawatazama wenzake, mmoja baada ya mwingine, akavua kofia akaupungia uwanja mzima, naye hakusema neno.